Kaburi la Nyali na Deni la Lugha Zetu

Muhula mmoja si wa zamani sana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari iliyo karibu na soko la Kapsokwony. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, kama zilivyo asubuhi nyingi katika mteremko huu wa Mlima Elgon, na wanafunzi walikuwa wamekaa wakiwa wamejikunyata katika sweta zao. Somo lilikuwa historia, na mwalimu wao alikuwa amewaandikia ubaoni kwamba Johann Ludwig Krapf, mmisionari, alifika Mombasa mwaka 1844 na kuuona Mlima Kenya mwaka 1849. Nilipomaliza maneno yangu, msichana mmoja aliyeketi nyuma kabisa aliinuka akauliza kama mtu huyo alikuja peke yake.

Mwalimu alijibu upesi kwamba hakuja peke yake, kwani alikuwa na mwenzake Johannes Rebmann. Wanafunzi wakaandika. Nami nilinyamaza, si kwa sababu sikuwa na la kusema, bali kwa kuwa ni utovu wa adabu mgeni kumsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Lakini jibu lile halikuwa sawa. Rebmann alifika mwaka 1846. Aliyekuja na Krapf mwaka 1844 alikuwa mkewe, aliyeitwa Rosine, na tumboni mwake alikuwa na mtoto. Miezi michache tu baadaye wote wawili, mama na mtoto, walikuwa kaburini. Niliondoka shuleni pale nikiwa na deni kwa yule msichana, na leo naomba nafasi hii ili nililipe hadharani, maana nadhani deni hilo si langu peke yangu. Ni deni la sisi sote tulioshika chaki.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua muda wa nusu mwaka. Katika kulala kitandani ndipo alipozoea kusoma, hasa Biblia. Alipopona akapelekwa shule, na huko akapata ramani. Aliitazama Afrika ya Mashariki akastaajabu kuona nafasi kubwa isiyoandikwa jina lolote. Kisha akaazima kitabu cha safari za Mskoti James Bruce kule Uhabeshi, na tangu hapo moyo wake haukutulia.

Wanafunzi naomba walishike jambo hili. Ile nafasi tupu katika ramani haikuwa tupu. Watu walikuwamo, na majina yalikuwamo, mito na vilima vikiitwa kwa lugha za wenyewe. Aliyechora ramani ndiye aliyekuwa hajui. Krapf alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akijaza nafasi ile, na kila jina alilolijaza alifundishwa na mtu wa huku.

Baada ya masomo katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, na elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Tübingen, aliajiriwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Mwaka 1837 akaenda Uhabeshi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walifukuzwa kutoka Adwa katika nchi ya Tigrai. Akazunguka akaingia kwa njia nyingine mpaka ufalme wa Shoa, akakaa huko tangu 1839 hadi 1842 chini ya mfalme Sahle Selassie. Hapo ndipo alipojifunza Kioromo na kuipenda lugha hiyo kupita kiasi. Mwaka 1842, alipokuwa akitoka Shoa kuelekea pwani, mtawala mmoja wa njiani alimpora karibu kila kitu.

Mwaka huohuo, nchini Misri, alifunga ndoa na Rosine Dietrich, mwanamke aliyetoka Basel. Vitabu vyetu havina habari nyingi za mama huyu, nami sitamtungia sifa. Lakini yale tuyajuayo yatosha. Aliacha nyumba na jamaa, akavuka bahari kuolewa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha kumletea kufukuzwa na kuporwa. Fungate yao ilikuwa safari. Walipojaribu kurudi Uhabeshi kupitia Massawa mwaka 1843, mlango ulikuwa umefungwa. Katika nyika kavu ya nyuma ya pwani ile Rosine alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake, mbali na mkunga na mbali na paa la nyumba. Mtoto alikuwa wa kike. Wakambatiza jina la Eneba, ambalo kwa lugha ya Kiamhari maana yake ni chozi. Hakuishi. Walimzika njiani wakaendelea.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, nami ni mzazi. Kila nifikapo hapa katika habari ya Krapf huweka kitabu chini kidogo. Watu hawa wawili walipompa mtoto wao jina, hawakumpa la Kijerumani. Walitumia neno la lugha ya nchi ile iliyowafungia mlango. Sijui kama kuna dalili kubwa kuliko hiyo ya mtu kuanza kuwa mwenyeji mahali pa ugenini, kwamba huzuni yake imepata jina katika lugha ya wenyeji.

Baada ya hapo walikwenda Aden, na mwezi wa Novemba 1843 wakapanda chombo kuelekea kusini. Chombo cha kwanza kilivuja vibaya wakanusurika. Wakapanda kingine, wakapita pwani yote ya Wasomali na ya Waswahili, wakafika Mombasa siku za mwanzo za Januari 1844, kisha Unguja tarehe 7 ya mwezi huo. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na pwani, aliwapokea kwa heshima. Alimpa Krapf barua kwa maliwali wake, akiwaarifu kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaleta watu kwa Mungu, na kwamba asaidiwe. Mtawala Mwislamu alimwandikia barua ya njia mhubiri Mkristo. Ni jambo la kuwakumbusha wale wanaodhani kwamba uvumilivu wa dini ni somo tulilofundishwa jana.

Mwezi wa Mei mwaka 1844, Krapf na Rosine wakahamia Mombasa kukaa. Ulikuwa msimu wa masika. Msomaji aliyewahi kukaa Mombasa wakati wa mvua za Mei anajua joto lake na mbu wake. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye aletaye homa ya malaria. Wazungu waliamini kuwa ni hewa chafu itokayo kwenye madimbwi. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1897, miaka 53 baadaye, ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, aone vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Kwa hiyo mwanamke mjamzito alikaa Mombasa katika majira mabaya kuliko yote, bila kinga ambayo leo mama yeyote hupewa katika zahanati.

Krapf naye alikuwa amekwisha kuanza kazi. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hakukaa peke yake mezani. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, mwanachuoni wa Kiislamu. Naomba walimu wa Kiswahili wasipite hapa mbio. Kabla ya Krapf, Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu. Utenzi wa Tambuka una tarehe ya mwaka 1728, zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Krapf mwenyewe alikusanya miswada ya tenzi za namna hiyo, na mwaka 1854 ikapelekwa Ujerumani ikahifadhiwa. Alichofanya ni kuiandika lugha hii kwa mpango kwa herufi za Kirumi, na kuanza kupanga sarufi yake na msamiati wake. Ni kazi kubwa. Ila si kweli, kama tunavyowaambia watoto aghalabu, kwamba aliwapa Waswahili maandishi. Aliwakuta nayo, na mwanachuoni wao alikuwa mwalimu wake.

Mwezi mmoja haukutimia tangu kalamu ianze. Mapema mwezi wa Julai homa ikaingia nyumbani. Krapf aliugua kwanza, kisha Rosine. Tarehe 6 Julai Rosine akajifungua mtoto wa kike, naye akiwa katika homa kali. Siku zilizofuata mume na mke walilala wote wawili hoi, kila mmoja akidhani mwenzake atatangulia. Rosine aliomba kwamba akifa asizikwe kisiwani, bali ng'ambo, bara, kando ya njia waipitayo Wamijikenda waendao na watokao Mombasa, ili kaburi lake liwakumbushe sababu iliyomleta. Alifariki tarehe 13 Julai 1844. Krapf alikuwa dhaifu kiasi kwamba alijikokota tu kwenda kumwangalia kwa mara ya mwisho. Siku chache hazikupita na mtoto naye akafa, akazikwa pamoja na mama yake.

Kaburi hilo liko mpaka leo upande wa Nyali, ambako siku hizi kuna majumba ya fahari na barabara za lami. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari katika pwani hii, na kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara ya kuwa kazi imeanza, si ya kuwa imeshindwa. Wengi wameyasifu maneno hayo. Mimi nayaheshimu, lakini kila niyasomapo namfikiria pia mwanamke aliyelipa thamani yake. Mume alipata sanamu ya jina katika vitabu. Mke alipata kaburi, na katika daftari za wanafunzi wetu hata kaburi hilo halimo.

Wala Rosine si peke yake. Rebmann, aliyejiunga na Krapf mwezi Juni 1846, alioa Misri mwaka 1851. Mkewe Emma alikaa naye Rabai, mtoto wao akafa, naye mwenyewe akafa mwaka 1866. Kule Ribe, kwa Wamethodisti, Rebecca Wakefield alifariki mwaka 1873. Wamisionari wale walikuja kama familia, wakijaribu kupika, kulea, kuugua na kufundisha katika nchi wasiyoijua, na aghalabu wanawake na watoto ndio waliolipa kwanza. Historia ikiwaacha hao ikabakiza wanaume wawili na mlima mmoja, imekuwa orodha ya tarehe tu.

Baada ya msiba Krapf angeweza kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Tarehe 25 Agosti 1846 yeye na Rebmann walihamia Rabai kwa kibali cha wazee wa Kirabai. Wote wawili walikuwa na homa siku ile, na punda alikuwa mmoja, basi wakapokezana kumpanda katika kupandia kilima. Hapo Rabai waliishi kwa uvumilivu wa wenyeji. Wazee waliwapa mahali, wakawasikiliza, lakini hawakuacha kaya zao wala desturi zao kwa sababu ya wageni wawili wenye vitabu. Kwa miaka mingi waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa mwaka 1851.

Kwa hesabu ya mhubiri, hayo yalikuwa mavuno haba sana. Kwa hesabu ya lugha, ghala lilijaa. Mwaka 1850 huko Tübingen Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huohuo akatoa msamiati wa lugha 6 za Afrika ya Mashariki ukiweka sambamba Kiswahili, Kinyika kama kilivyoitwa wakati ule, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Rebmann naye alipata kwa Salimini, mtu wa Unyasa aliyekuwa ametekwa na kuuzwa utumwani, maneno ya kutosha kutengeneza kamusi ya Kinyasa iliyochapishwa mwaka 1877. Tafakari, msomaji. Mtumwa aliyenyang'anywa nchi yake na jina lake alibaki na lugha tu, na lugha hiyo ikawa kitabu.

Habari ya milima naipitia kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo wanafunzi waijuayo. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Krapf alikwenda Ukambani mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, na kutoka huko tarehe 3 Desemba aliona kilele cheupe cha mlima ambao Wakamba walimtajia jina. Akaliandika jinsi sikio lake lilivyolisikia. Wataalamu wa Ulaya waliokuwa hawajatoka vyumbani mwao walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1851 akarudi kwa Kivoi. Walipokuwa karibu na mto Tana wanyang'anyi waliwavamia, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini, akiteka maji kwa mfuko wa darubini yake na kutembea usiku. Alifika Rabai akiwa mifupa mitupu.

Jina lile alilolisikia kwa Wakamba, kwa kupita mikono na kalamu nyingi, likawa mwaka 1920 jina la koloni, na mwaka 1963 jina la taifa huru. Kila siku Mkenya atajapo nchi yake, anataja neno lililopita katika sikio la Mjerumani kutoka mdomo wa Mkamba. Huku kwetu ni hivyohivyo. Jina Elgon linahusishwa na Wakony, mojawapo ya makundi ya Wasabaoti, na Kapsokwony yenyewe imebeba jina lao. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson aliyafikia mapango ya mlima huu na kuyaandika. Lakini mapango yalikuwa na watu ndani yake, na ng'ombe wao.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa mizani, kwani mwalimu asiyeonyesha kasoro hufundisha ibada, si historia. Krapf hakuwa malaika. Aliyaandika mambo ya Uislamu kwa ukali usiolingana na wema aliotendewa na Waislamu, akianza na Sayyid Said na kadhi aliyeketi naye mezani. Ngoma na matambiko ya Wamijikenda aliyahukumu kabla hajayafahamu. Tena hakujitenga na dola. Alipokuwa Shoa aliwasaidia wajumbe wa Waingereza, na mwaka 1867 alikubali kwenda kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda kupigana na mfalme Tewodros wa Uhabeshi, ijapokuwa maradhi yalimrudisha nyuma upesi. Ramani alizosaidia kuzijaza zilisomwa baadaye na watu wasiokuwa na haja ya Biblia wala ya kamusi. Yeye alitaka mlolongo wa vituo vya dini kutoka bahari hadi bahari. Wenzake waliomfuata walitaka reli, mashamba na kodi.

Afya ilimlazimisha kuondoka pwani mwaka 1853. Alirejea kwa muda mwaka 1862 kuwaongoza Wamethodisti mpaka Ribe. Miaka iliyobaki aliimalizia Korntal, karibu na Stuttgart, ambako alioa tena na kuendelea kuandika. Rebmann alimfuata huko mwaka 1875, kipofu, baada ya miaka 29 Afrika bila kurudi Ulaya hata mara moja, akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alifariki mwaka uliofuata. Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwenyewe akiwa kaburini. Ilijengwa juu ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mwaka 1928 kikao cha kuchagua Kiswahili sanifu kilifanywa Mombasa kwenyewe, na lahaja iliyochaguliwa ikawa Kiunguja. Hata hivyo hakuna mtungaji wa kamusi aliyekuja baadaye ambaye hakuchota katika kisima chake.

Msomaji anaweza kuuliza habari ya watu wa pwani inamhusu nini mwalimu mstaafu wa Mlima Elgon. Krapf hakufika huku. Wamisionari wa kwanza waliokaa karibu na sisi, Marafiki, walifika Kaimosi mwaka 1902, nao walipitia reli. Nitajibu kwa kisa changu mwenyewe.

Nilipokuwa mtoto katika shule ya msingi, ambayo sitaitaja, palikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Aliyesikiwa akisema Kisabaoti alivishwa shingoni, naye alikivua kwa kumnasa mwenzake akisema lugha hiyohiyo. Jioni yule aliyekutwa nacho alichapwa. Nilikivaa mara 3 katika juma moja. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu niliomba maji. Waliotufanyia hivyo hawakuwa wageni kutoka ng'ambo. Walikuwa walimu wetu, wana wa mlima huu, nao waliamini kwamba wanatutakia mema. Nami, ni aibu kukiri, nilipokuwa mwalimu kijana nilikitumia kibao cha namna hiyo kwa miaka miwili kabla sijapata akili. Naukumbuka uso wa mtoto mmoja wa kiume ambaye baada ya kuvishwa hakunena tena darasani, kwa lugha yoyote, muhula mzima.

Ndiyo sababu maisha ya Krapf na Rosine hayaniachi. Mgeni huyu, pamoja na majivuno ya zama zake, alipofika katika nchi ya watu aliketi chini akawa mwanafunzi. Aliuliza kitu hiki mnakiitaje, akaandika. Aliuliza akiwa na homa, na akauliza tena baada ya kuzika. Aliamini kwamba neno la Mungu halina budi kupita katika lugha ya mama wa mtu ndipo lifike moyoni. Nasi, tuliozaliwa ndani ya lugha hizo, tuliwachapa watoto kwa kuzisema. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na mtaala wa siku hizi nao unasema hivyo. Lakini ingia katika shule nyingi za vijijini uone. Kibao cha mti kimeondoka, lakini kibao cha moyoni kingali kinaning'inia. Mzazi huona fahari mtoto wake akishindwa kumsalimu bibi yake.

Sisemi kwamba tukiache Kiingereza wala, la hasha, Kiswahili, ambacho kimenilisha maisha yangu yote. Krapf mwenyewe alijua lugha nyingi, na hakuna iliyomfukuza nyingine. Nasema tu kwamba mtu hatajirishwi kwa kuchomewa ghala lake la kwanza. Kisabaoti nacho kina vitabu sasa, na Maandiko yametafsiriwa, kazi iliyowachukua wenyeji na wageni miaka mingi ya kuketi pamoja. Vitabu hivyo vitasomwa na nani, ikiwa sisi walimu tunawafundisha watoto kuvionea haya?

Kwa walimu wa historia nina ombi moja. Mnapoandika ubaoni jina la Krapf na mwaka 1844, ongezeni mistari mitatu. Mmoja uwe wa Rosine na binti zake wawili, mmoja aliyeitwa chozi na mwingine aliyezikwa Nyali pamoja na mama yake. Wa pili uwe wa kadhi wa Mombasa, Kivoi wa Ukambani, Salimini wa Unyasa na wazee wa Rabai, waliofundisha, waliokaribisha, na mmoja wao aliyekufa njiani. Wa tatu uachwe wazi, ili kila mwanafunzi aandike hapo neno moja la lugha ya nyumbani kwao na maana yake.

Na kwa wewe, binti uliyeketi nyuma asubuhi ile, jibu la swali lako ni kwamba hapana, hakuja peke yake. Ukipata nafasi ya kufika Mombasa siku moja, vuka uende Nyali ukamwone aliyekuja naye. Mwamkie kwa lugha yako. Alitaka azikwe kando ya njia ili wapitao wamwone, na wengi wetu tumepita pale kwa miaka mingi bila kugeuza shingo.